Milingoti Mitatu

Jumatatu, 3 Machi
Jana binti yangu alipiga simu ya video. Ana miaka minane. Nilikuwa nimenyoa ndevu kwa ajili yake. Akanisalimia, akauliza kama nimekula, kisha akaniambia nisogee kidogo. Nisogee! Kumbe nilikuwa nimeziba meli ya Winchi.

Winchi ndiye ninayekaa naye chumba kimoja hapa bwenini. Tunamwita hivyo kwa kuwa anaendesha winchi kwenye yadi ya mizigo. Mimi nafunga mizigo juu ya malori. Tuna vitanda viwili, meza moja, na dirisha linalotazama ukuta. Mezani ameweka meli ya plastiki, ya matanga, aliyoiunga mwenyewe kipande kwa kipande. Milingoti miwili. Kamba zake ni za uzi mweusi, zimenyooka kama zimechorwa.

Binti akamwita baba mdogo. Wakaongea habari za matanga mpaka chaji ikaisha. Baba mdogo! Mama yangu hakunizalia mdogo wa namna hiyo.

Mwaka wa tatu huu sijamshika mkono mwanangu. Zile dakika chache za Jumapili ndizo zangu. Sigawi.

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua meli yangu. Kubwa kuliko yake. Milingoti mitatu! Mama wa dukani aliniuliza mtoto ana umri gani, anichagulie inayomfaa. Nikamjibu arobaini na moja. Akafunga boksi.

Nimemtumia binti ujumbe kwamba Jumapili ataona meli ya baba yake mzazi, yenye milingoti mitatu, siyo miwili kama za watu wengine.

Winchi kaona boksi, kafurahi. Kasema, "Kaka, sasa tumekuwa wawili!" Hakuna kinachoniudhi kama mtu anayefurahi nikitaka akasirike.

Jumatano, 5 Machi
Nimeanza kwa kasi. Vipande vinakuja vimeshikana na fremu za plastiki. Nikavinyofoa vyote kwa mpigo, nikajaza sahani, fremu nikatupa kwenye pipa la jikoni. Usafi kwanza.

Winchi akatazama sahani, akakuna shingo. Akaniuliza kwa upole fremu ziko wapi, maana namba za vipande zilikuwa kwenye fremu.

Nikasema najua. Sikujua.

Nimekaa na vipande mia mbili visivyo na namba. Vinafanana na meno. Nilikwenda kwenye pipa. Mpishi akasema lori la taka limeshapita, na akataka kujua natafuta nini humo wakati chakula kipo. Sasa jiko zima linadhani nina njaa.

Ijumaa, 7 Machi
Naunga kwa kukisia. Mwili wa meli umekamilika, ingawa bado nina vipande kumi na saba. Nimeamua vilikuwa vya akiba.

Gundi hii haibandiki tu, inayeyusha plastiki. Nilibonyeza sitaha kwa dole gumba, nikahesabu mpaka hamsini kama maelekezo ya kwenye boksi yanavyosema. Nilipoinua, alama ya dole ilikuwa imezama humo, mistari yote, kama sahihi ya mtu asiyejua kuandika. Mimi nilifika darasa la sita!

Winchi anatumia kibano. Vidole vyake vinashuka taratibu, vinaweka, vinaondoka. Nilimtazama nikajifanya nimelala. Aliniuliza kama anishikie taa. Nikakoroma.

Jumamosi, 8 Machi
Leo kamba. Hapa hakuna wa kunifundisha. Miaka kumi na tisa nafunga mizigo, hakuna hata gunia langu moja lililoangukia barabarani. Sheria ni moja: kamba isipolia, haijafungwa.

Winchi alisema uzi uachwe ulegee kidogo, plastiki siyo chuma. Nikamwambia yeye kazi yake kunyanyua, ya kufunga aniachie mwenyewe. Akasema haya kaka, akaenda kufua.

Nikafunga. Nikavuta mpaka uzi ukanikata kidole. Kila uzi nikaugusa kwa kucha, nao ukalia, tiing! Saa nane mchana meli ilikuwa imekwisha, na nilitamani abiria.

Saa kumi na moja nilirudi kutoka kuoga. Mlingoti wa mbele umeinama mbele. Wa nyuma umeinama nyuma. Wa kati umejikunja kama mtu mwenye tumbo la kuhara. Nikakaza upande wa pili kurekebisha. Sasa yote mitatu imelala kushoto.

Simu ni kesho. Nina mpango.

Jumapili, 9 Machi
Mpango: Winchi yuko zamu mpaka saa kumi, simu ni saa nane. Meli yangu chini ya kitanda. Meli yake mbele ya kamera. Nani atajua?

Binti alitazama kidogo tu. Akasema hiyo ni ya baba mdogo. Nikacheka kwa sauti kubwa, nikauliza kwa nini anasema hivyo. Akasema ina milingoti miwili, na mimi nilimwandikia mitatu. Kisha akaniuliza, "Baba, yako imeharibika?"

Aliuliza kwa huruma. Afadhali angenitukana.

Nikaitoa chini ya kitanda, pamoja na soksi iliyonasa kwenye tanga. Akasogeza uso karibu na simu. Halafu akacheka mpaka simu ikamdondoka, akamwita mama yangu aje aone meli ya baba inavyopigwa na upepo. Mama alitazama, akaniuliza kama nalala vizuri.

Binti akataka niisogeze. Akaiona ile alama sitahani. Nikakiri kuwa ni dole langu. Akaweka lake kwenye kioo cha simu, palepale, akasema ya baba mdogo ni nzuri lakini hii ina mtu. Anaitaka hii. Nisiirekebishe hata kidogo.

Nilimwambia kuna vumbi chumbani, macho yanawasha.

Winchi aliporudi nikamweleza yote, hata wizi. Akacheka, akanipa mkono. Akasema yeye hana wa kumpigia Jumapili, kwa hiyo alikuwa anaazima wangu kidogo, nimsamehe. Nimemsamehe. Moyo mweupe kabisa. Wivu ni ugonjwa, na mimi nimepona.

Jumanne, 11 Machi
Binti ametuma mchoro wake kwa simu. Meli mbili baharini, yangu imepinda vizuri. Juu ya kila meli amesimama mtu. Ameandika "Baba" na "Baba Mdogo".

Baba Mdogo ni mrefu kuliko Baba.

Nimepima kwa kijiti cha kiberiti. Ananizidi kichwa kizima! Winchi huyuhuyu, anayepanda stuli kufikia swichi ya feni!

Nimemwita asimame mlangoni nimpime kwa penseli. Akasimama, hakuuliza hata sababu. Kisha akanipima mimi. Mstari wangu uko juu, vidole vinne kamili. Kofia nilivua kwa ajili ya haki. Buti sikuvua.

Picha ya mlango nimeshaituma nyumbani. Nangoja achore upya.