Meli ya Kulala Humo Humo Yazinduliwa Gatini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na kuniagiza mimi nimwakilishe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye pia ni mimi. Wakuu wa Idara mliokaa kwenye viti vyenye vitambaa, na Wakuu wa Vitengo mliokaa kwenye viti visivyo na vitambaa. Bwana Shemeji, Mratibu wa Mradi, uliyeteuliwa baada ya ushindani mkali kati yako na wewe mwenyewe. Mke wangu mpenzi, uliyenifunga zipu hii ya mgongoni ukasema haitafunguka tena. Mama Mpishi, uliyekaa mbele kabisa juu ya begi lako. Wageni waalikwa, na ninyi mlioona watu wamejaa ghalani mkaingia kuuliza kuna nini: naomba itifaki ijizingatie yenyewe, maana nguo hii ya mpira imenibana na jua linapanda. (Makofi.)

Ndugu wananchi, nimesikia minong'ono kwamba Mkurugenzi leo amevaa ngozi ya mtu mwingine. Hili ni vazi rasmi la kupigia mbizi, na nimelivaa ili kutoa uongozi kwa vitendo. Na hivi viatu vyenye mapezi, kitaalamu, hutembewa kinyumenyume, ndiyo sababu mmeniona nikiingia kwa mgongo. Sikuwa namkwepa mtu. (Kicheko.)

Kwa muktadha huo, na katika kutekeleza Mpango Mkakati wa Kuibua Fursa Zilizozama, ofisi yangu ilibuni Mradi wa Meli ya Kulala Humo Humo, yaani meli ambayo mgeni analala humo humo, anakula humo humo, anaamka, anavaa mtungi wa hewa, anaruka majini kuangalia samaki, anapanda, anakula tena, siku kumi mfululizo, katikati ya atoli, ambazo kwa msiofika ni visiwa vya matumbawe vilivyojikunja kama bangili, nje bahari ya buluu, ndani maji ya kijani yaliyotulia. Upembuzi yakinifu umebaini kwamba asilimia tisini na sita ya bahari iko chini, ilhali asilimia mia moja na mbili ya wananchi wetu wako juu. (Makofi.) Huo ni usawa kweli? (Umati: "Hapanaa!")

Tukatoa tangazo. Lilisomeka: "Nafasi kumi na mbili za wazamiaji. Uzoefu si lazima. Malazi melini." Tulipokea maombi mia nne na kumi, na kwenye usaili ndipo tulipochoka, kwa sababu kila mwombaji aliuliza jambo lile lile, kwamba meli inatia nanga nchi gani, na mahali pa kujificha ni pakavu au pana panya? (Kicheko kirefu.) Jamani! Mzamiaji wa kupiga mbizi, siyo mzamiaji wa kudandia meli kwa siri! Askari wa bandari nao wakaja mbio, wakawapanga waombaji wangu ukutani, mikono juu. Afande, wale walikuwa wadau! Kati ya mzamiaji na mzamiaji kuna tofauti kubwa sana, na ofisi yangu itaitolea mwongozo. (Sauti kutoka nyuma: "Na wewe ulikwenda kama yupi?") Maswali mwishoni, tafadhali.

Mimi binafsi, mwaka jana, nilijitoa mhanga nikaenda ziara ya mafunzo kwenye meli ya aina hiyo. Siku ya nne mkufunzi akatutangazia kuwa leo tutaona taa. Nikamwambia, ndugu yangu, masjala yangu ina mwaka wa tatu haina taa, itakuwa huko chini? Nikashuka. Mita kumi na mbili. Akatokea samaki taa, mpana kama mkeka wa sebuleni, akapunga mabawa yake polepole juu ya kichwa changu, hana haraka, hana faili, hana kikao, na mimi, Mkurugenzi, nikacheka peke yangu mle majini mpaka miwani ikajaa maji! (Makofi, vigelegele.) Usiku huo nililala usingizi wa pono, na asubuhi nikashuka nikamkuta pono mwenyewe, yuko macho anatafuna matumbawe, kra, kra, kra, unamsikia kabisa. Wananchi, kule chini hakuna anayekuita Mheshimiwa, kwa kuwa kila mtu ana mpira wa kupumulia mdomoni. Nilifurahi, jamani. Nasema ukweli, sijawahi kufurahi hivyo tangu nipande cheo.

(Mama Mpishi anasimama: "Bosi, meli ndiyo ile?" Anaonyesha mlangoni, ambako meli nyeupe imefungwa gatini.)

Swali zuri sana, Mama Mpishi, na kwa sasa liko kwenye mchakato. Wananchi, huyu mama ndiye roho ya mradi. Niliporudi safari nilikuwa nayasimulia haya kila asubuhi pale kantini ya ofisi, naye anasikiliza hadi chai inachemka na kumwagika. Siku moja akaniuliza, "Bosi, sasa huko melini nani anapika?" Nikamjibu, "Wewe." Basi jana, baada ya miaka kumi na tisa, amerudisha ufunguo wa kantini, amemwachia majiko binti wa dada yake, ameaga mtaa mzima, na leo amekuja na begi na kisu chake amekiviringisha kwenye taulo. Anamtaka huyo pono amwone kwa macho yake. (Makofi. Mama Mpishi hapigi.)

Sasa nigusie mafanikio. Mradi umefikia asilimia themanini na saba. Kofia zimechapishwa. Utepe umekatwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mpiga picha alikuwa anapiga chafya. Tumefanya wokshopu sita kuhusu rangi ya meli, na wadau wote kwa kauli moja wakaafiki kwamba iwe na rangi. (Mama Mpishi anabeba begi, anatoka.) Mama Mpishi, kaa kwanza, sijafika kwenye kaulimbiu! Mama... Anakwenda wapi? Anaongea na nahodha. Yule nahodha mwenye masharubu, namfahamu, nisingependa wazungumze sana. Anafungua taulo. Anamwonyesha kisu. (Sauti kutoka mlangoni: "Nahodha anasema mpishi wao aliteremka jana na harudi!") Lo! (Sauti: "Ametoa kitu begini, amemwambia aonje! Nahodha anaonja! Anaonja tena!") Loo! (Sauti: "Amepandaaa!" Umati wote umesimama. Vigelegele.)

Mmeona? Mradi umetoa ajira! Bwana Shemeji, andika, ajira moja, sawa na asilimia mia! Nikisema "Chini", mnajibu "Zaidi"! Chini! (Umati: "Zaidi!") Chini! (Umati: "Zaidi!")

Nikihitimisha, naishukuru kamati yangu, namshukuru mke wangu, na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru nahodha wa meli ile, iliyopita hapa kuchukua maji ya kunywa tu, ambayo si yetu, haijapata kuwa yetu, kwa sababu sisi hatuna meli, hatuna mtumbwi, hatuna hata ndoo inayoelea, na mradi wote ndio huu mliousikia. Namshukuru kwa kuwa mwaka jana, siku ya tatu ya safari, alipohesabu wageni akakuta mmoja amezidi, akaniuliza mimi ni nani, nikamjibu ukweli mtupu, "Mzamiaji," naye akanipa mtungi. (Kicheko kinachotikisa mabati. Meli inapiga honi.)

Asanteni kwa kunisikiliza. Nipisheni. Nakuja kinyumenyume. Mama Mpishi! Mwambie asing'oe nanga, mwenzenu nimeshavaa!

(Kutoka dirisha la jiko la meli, sauti ya Mama Mpishi: "Safari hii, Bosi, kata tiketi!")