Kitindamimba Aondolewe Kunifundisha Hesabu

Kwa Mama Mzazi,
Mwenyekiti wa Kudumu wa Ukoo Wetu.

Shikamoo Mama. Natumaini magoti hayakusumbui sana. Mimi na baba watoto hatujambo, ila heshima yangu ni mgonjwa, na ndiyo sababu nakuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungecheka.

Utakumbuka kwamba chuo nilichoomba kusomea shahada ya uzamili kinataka kwanza nifanye mtihani wa kujiunga, na nusu ya mtihani huo ni hesabu. Utakumbuka pia kwamba katika jaribio la kwanza nilipata alama ambazo hata wewe, mzazi, ulikosa la kusifia, ukasema mwandiko ni mzuri. Ndipo ukaamuru kitindamimba wako, kwa kuwa anafundisha darasa la nne, aje kwangu kila jioni aninoe. Nilitii. Sasa nalalamika kama ifuatavyo:

1. Ananifundisha kama hanijui. Nilimwomba tuanze na maswali ya mtihani wenyewe. Yeye akaja na chungwa na kisu. Akauliza, "Dada, moja ya nane na moja ya nne, ipi kubwa?" Nikajibu moja ya nane, kwani nane ni kubwa kuliko nne, jambo hilo halihitaji shule. Akalikata chungwa, akanipa kipande chembamba kama ukucha, yeye akachukua robo nzima. "Haya, kula hiyo kubwa yako." Mama, mtoto huyu nilimbeba mgongoni ulipokuwa kazini. Leo amenipanda kichwani.

2. Amenipokonya sauti. Unajua nasoma taarifa ya habari redioni, na watu huwanyamazisha watoto wao ili wanisikie. Kitindamimba amegundua, eti, hata nikikosea najibu kwa sauti ileile ya redioni. "Dada, hiyo sauti inakudanganya hata wewe mwenyewe. Nong'ona." Basi nanong'ona. Baba watoto akisikia minong'ono jikoni anadhani tunamteta, na sasa amekuwa mpole kupita kiasi. Anaosha vyombo bila kuombwa. Nyumba imekuwa ngeni kwangu.

3. Ameniharibia kazi. Zamani nilisoma asilimia kwa amani, zikiingia machoni na kutokea mdomoni bila kunigusa popote. Juzi, tukiwa hewani, nikakuta imeandikwa kwamba visima vimeongezeka kutoka arobaini hadi hamsini, "sawa na ongezeko la asilimia kumi". Ulimi ukagoma. Nikanyamaza, redio zote zikanyamaza nami. Nikanong'ona kidogo, kisha nikasema, "Wasikilizaji, ni asilimia ishirini na tano." Mhariri mkuu alikuja mbio amekunja ngumi, akapiga hesabu kwenye simu yake, akakunjua ngumi. Tangu hapo waandishi wote wananiletea tarakimu zao nizikague kwanza. Chai yangu inapoa mezani.

4. Kubwa kuliko yote, amenivua nguo mbele za watu. Wiki iliyopita alinipeleka darasani kwake, akanikalisha dawati la mbele, magoti yakigusa kidevu, "usikie wenzako wanavyogawanya". Wenzangu, Mama! Binti niliyeketi naye aliitazama hesabu yangu, akaniambia kwa huruma, "Shangazi, usijali, hata mimi nilikuwa hivyo." Kisha akaliziba daftari lake kwa kiwiko nisinakili.

Mkubwa ni jalala, najua, lakini hata jalala hujaa. Kwa hiyo naomba, kwanza, kitindamimba aondolewe, atafutwe mwalimu mgeni mwenye adabu zake, atakayeniita Mheshimiwa. Pili, ukoo upitishe azimio kwamba jibu la mkubwa likitofautiana na la mdogo, la mkubwa ndilo sahihi. Tatu, uende ukaongee na hao wasahihishaji wa mtihani ili waliheshimu azimio hilo, kama ulivyoongea na wakwe zangu ile siku hadi wakaomba maji ya kunywa.

Nisalimie wajomba, mashangazi, jirani yako fundi cherehani, na yeyote atakayeuliza naendeleaje na masomo. Mwambie naendelea vizuri, kisha umwulize habari za kwake upesi.

Ni mimi mwanao, niliyetangulia kuzaliwa, cheo ambacho hakuna mtihani unaoweza kunivua.

N.B. Mama, kabla sijaifunga bahasha kitindamimba amepiga simu. Anasema, "Dada, naona nakukera. Nimekutafutia mwalimu mwingine, mzee mmoja mstaarabu, hapandishi sauti. Anaanza Jumatatu." Moyo ulinipasuka paa! Nimemwuliza nani kamtuma. Nimemwambia huyo mstaarabu akawafundishe wastaarabu wenzake, na yeye aje leo hii, tena asithubutu kuchelewa. Akikupigia kuomba ruhusa ya kuniacha, mkatalie katakata. Mtihani ni mwezi ujao, na mimi sina muda wa kufundishwa na mtu anayeniogopa.