Jiko Limehamia Mlangoni

Mheshimiwa Goba, mkuu wa kijiji chetu,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani, na pole kwa ng'ombe wako mwenye kwato mbovu. Ni mimi, Ishey Paldan, wa nyumba ya mwisho kabla ya mfereji. Najua ningeweza kuvuka ua tu nikakueleza, lakini nikija kusema kwa mdomo nitatukana, na wewe ni mtu wa heshima.

Kama ujuavyo, kiangazi hiki tuliweka sakafu mpya ya mbao katika chumba cha majira ya baridi. Mbao zimetoka Srinagar kwa lori, na zinang'aa mpaka paka akipita anajitazama. Tangu hapo mke wangu, Skarma Yangdol, si mke tena, ni askari wa sakafu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwanza aliweka bati chini ya jiko, ili kaa likidondoka lisiunguze mbao. Nikamsifu, mjinga mimi. Kesho yake akasema bati lina ncha, litakwaruza, akatandika gunia chini ya bati. Kisha akakumbuka kwamba gunia hushika moto, akapanga matofali juu ya bati. Jiko likapanda mpaka bomba la moshi likachomoka kwenye tundu lake. Tulikaa asubuhi nzima tumefumba macho, machozi yanatutiririka, na mama yangu akadhani tunasali, akajiunga nasi.

2. Ndipo akalikokota jiko hadi mlangoni, pale penye udongo wa zamani ambapo mbao hazikufika, tunapovulia viatu. Nikamuuliza sisi tutaota nini. Akanijibu, "Baba Rinchen, baridi itakutoka. Mkwaruzo wa mbao hautoki." Mzee mzima, nyumbani kwangu!

3. Hapa sasa ni jambo la kijiji. Sisi tumelelewa tukijua kwamba heshima hupimwa kutoka kwenye jiko. Mkubwa hukaa karibu nalo, mdogo hukaa mlangoni, na mkubwa naye sharti agome kwanza, avutwe mkono, asukumwe, ndipo akubali. Basi juzi alikuja shemeji yangu Jigmet, yule ambaye hata mbuzi wake hawamsikilizi. Akaketi mlangoni kwa unyenyekevu, kama kawaida yake. Kumbe ameketi mahali pa mheshimiwa! Mama haoni vizuri siku hizi, anafuata joto tu. Akaamuru kikombe cha kwanza cha chai apewe Jigmet, akamwita "mzee wangu", akamwomba baraka. Na Jigmet, bila haya, akazitoa.

4. Mimi nilikuwa kule ndani kwenye zulia la mwenye nyumba, natetemeka. Chai iliponifikia, siagi tunayoitia ilikuwa imeganda juu. Niliitafuna.

5. Ya tano niliiandika vizuri sana, ila mke wangu ameisoma.

6. Losar, mwaka mpya wetu, imekaribia, na safari hii kijiji kizima kinakula kwangu. Hebu fikiria. Mtawa wa kijiji ataganda kule ndani. Wewe utaganda ubavuni pake. Jigmet na wachunga mbuzi watakuwa mlangoni wanatoka jasho, wanaamua mipaka ya mashamba, na nani atawakataza wakati jiko liko kwao? Baada ya miaka miwili Jigmet ndiye atakuwa Goba, na wewe utampelekea malalamiko haya haya ukiwa umevaa soksi tatu.

Na mimi je? Nilianza utotoni pale kwenye viatu vya watu. Kila mzee alipokufa nilisogea mkeka mmoja. Nimezika watu wengi, Mheshimiwa, ndipo nikafika penye jiko. Nimefika, jiko limeondoka. Inaniuma sana, sikufichi.

Kwa hiyo naomba utoe amri jiko lirudi juu ya mbao. Sakafu ni kitu cha kukanyagwa, hata ikiungua kidogo haifi. Kama huwezi, basi tangaza rasmi kwamba mlangoni ndiko juu, nami nitahamishia viatu vyote kwenye zulia langu, maana huko ndiko chini.

Nisalimie mama watoto na binti yako aliyejifungua. Seremala ukimwona, mwambie sina salamu zake.

Wako anayetetemeka kwa utii,
Ishey Paldan

Nyongeza: Kabla sijaikunja barua hii, mama alifoka kwamba anakufa kwa baridi, na Yangdol hana ubavu mbele ya mama. Jiko limerudi kwenye mbao. Bati nililikataa mwenyewe, nikasema ni woga. Nikaketi mahali pangu, nikafungua jiko nichochee kidogo, kaa moja likaruka. Mheshimiwa, shimo linaingia kikombe! Nimelikalia. Mke wangu yuko zizini, bado hajui. Nakusihi uamuru jiko lirudi mlangoni leo hii, mbao hizi ni za kulindwa jamani. Na ukifika, usinione sina adabu nisipoinuka kukusalimu. Yangdol akishangaa, mwambie ni wewe uliyenikataza kusimama.