Nilivyowaonyesha Watu wa Kosele Loki ya Difu

Leo nimevuliwa nguo hadharani, na kanzu ilikuwa mwilini.

Jamal, Khamisi, nawaandikia nikiwa bado na udongo kwenye kucha. Barua hii itapanda basi la kesho la Mombasa. Nimeona heri mlisikie jambo hili kwangu kabla ya kulisikia kwa madereva wa malori, maana wao watalitia chumvi. (Si kwamba linahitaji.)

Mnalikumbuka gari langu, lile vani la Kijapani nililolichukua hapo bandarini mwaka jana, lile ambalo magurudumu yake yote manne huvuta. Mnakumbuka pia kwamba vitufe vyake vyote vimeandikwa Kijapani. Yule dalali aliniambia, "Hili lina kila kitu, mpaka loki ya difu." Sikujua loki ya difu ni mnyama gani, lakini nilitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akiitafuta siku nyingi.

Nilipofika Migori nikaulizia. Nikaelezwa kwamba difu ni ule mviringo wa chuma ulio katikati ya ekseli, unaogawa nguvu za injini kwa gurudumu la kushoto na la kulia. Gurudumu moja likianza kuteleza, nguvu zote hukimbilia huko huko, na gari hukwama. Loki huyafunga yote mawili yazunguke pamoja. Basi jioni moja nikakaa garini nikibonyeza vitufe kimoja kimoja. Kimoja kilikunja vioo vya pembeni, nikashtuka. Kingine sijui kilifanya nini mpaka leo. Halafu kikaja kimoja chenye taa ya kijani. Nilipokibonyeza nikasikia mngurumo mdogo, wa chini chini, kama wa paka aliyeshiba. Nikajiambia, ndicho hiki.

Tangu siku hiyo sijakwama. Mnajua kazi yangu: nauza magodoro na sufuria hapa Migori, na siku za soko nazipeleka Masara kwa wachimba dhahabu, au Homa Bay na Kosele. Barabara za huku mvua ikinyesha ni uji. Mimi nikifika penye uji nasimama, nabonyeza, taa ya kijani inawaka, nasema bismillahi, naingia polepole, natoka. Wenzangu wakiuliza siri, nawaambia loki. Nimewapa somo la loki watu wasioniuliza hata saa. Sokoni wameshanibandika jina, Salim Loki. (Nililipenda. Nakiri.)

Sasa kuna mama mmoja wa Kosele, Mama Atieno, ananunua njugu na maharagwe mashambani na kuyauza Homa Bay. Miaka yote amekuwa akikodi magari ya watu. Mwezi huu amepata gari lake mwenyewe, vani kama langu, ila la kwake matairi yamekwisha kabisa, laini kama kichwa changu. Fundi wake wa Homa Bay, Fundi Odhiambo, amepata ekseli yenye loki kutoka kwa gari lililoanguka. Mama Atieno hawezi kufanya yote mawili kwa sasa. Achague loki, au achague matairi mapya. Akikosea, msimu huu wa njugu unampita.

Akaja kuniuliza mimi. Kati ya watu wote wa nchi hii.

"Loki, Mama," nikamwambia. "Matairi kila mtu anayo. Loki ndiyo gari."

Akanitazama. "Mimi naamini kitu nimeona na macho," akasema. "Utanionyesha Kosele, siku ya soko. Nitakuja na fundi."

Siku yenyewe ni leo.

Usiku mvua ilinyesha, na mimi asubuhi nikafurahi kama bwana harusi. Nikavaa kanzu nyeupe. Mke wangu Zuhura akauliza, "Baba Swabra, unaenda matopeni na kanzu?" Nikamwambia mwenye loki hashuki garini. Akacheka, akaingia na mfuko wake wa vyakula, maana siku za Kosele tunakwenda naye, ana wateja wake wa leso huko.

Tulimchukua Fundi Odhiambo Homa Bay. Ni mtu mrefu, mpole, anayesema maneno machache na kusikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Njiani nikamweleza habari za loki yangu kuanzia Homa Bay mpaka Kosele. Hakunikatiza hata mara moja. Nilidhani anajifunza.

Mama Atieno alikuwa akitungoja pale barabara ya kuingia mashambani inapoanza kuteremka kwenda mtoni. Udongo mweusi, unang'aa, umelegea. Katikati malori yamechimba njia mbili za magurudumu, na pembeni kuna mtaro mkubwa wa maji. Watu wa sokoni walipomwona Mama Atieno amesimama na viatu vyake vya mpira, wakaja kuona kuna nini. Alipowaambia, hawakuondoka. Kufikia nilipowasha gari, mteremko ule ulikuwa na watu kama mkutano wa injili.

"Pitia hapo katikati," Mama Atieno akasema. "Ndiyo njia yangu ya kila siku."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza na kupita katikati.

"Katikati ni rahisi," nikasema. "Hapo hata punda anapita. Nitakuonyesha mtaroni."

Fundi Odhiambo akakohoa kidogo. "Omera, ndugu yangu, huko gurudumu itaning'inia."

"Ndiyo kazi ya loki," nikamjibu.

Zuhura na fundi wakashuka. Nikashusha kioo ili watu waone mkono wangu ukibonyeza. Taa ya kijani ikawaka. Paka akanguruma. Sikusimama kuangalia njia, sikuingia polepole. Niliingia mshazari, kwa mwendo, nikitabasamu upande wa watu.

Gari likateremka mtaroni, likainama, likapiga kishindo, likakwama. Gurudumu la mbele la kushoto likabaki hewani, likizunguka taratibu kama feni. La nyuma la kulia likazama, likaanza kurusha tope. Nikakanyaga mafuta. Tope likaruka zaidi, na kwa sababu kioo kilikuwa chini, nusu yake ikaingia ndani.

"Weka loki," Fundi Odhiambo akasema. Alikuwa amechuchumaa kando ya mtaro.

"Nimeweka."

"Hapana. Ile gurudumu ingine ya nyuma imelala kabisa. Weka loki."

"Fundi, taa inawaka."

Akaja mpaka dirishani, akaitazama taa. "Zima," akasema. Nikazima. "Washa." Nikawasha. Akafumba macho. Mara ya tatu akaniambia nizime injini yenyewe niache swichi tu. Watu wote wakanyamaza ili fundi asikie. Sijawahi kuona umati mtulivu namna ile, hata msikitini.

Kitufe kikabonyezwa. Mngurumo ukaanza. Nikategemea fundi atainama chini ya gari. Hakuinama. Alifungua mlango, akaingiza kichwa, akafuata ule mlio kwa sikio, taratibu, akapita usukani, akapita gia, akafika kwenye kile kisanduku kilicho kati ya viti viwili vya mbele. Kisanduku hicho mimi nakiita cha Zuhura. Huweka vitu vyake humo, na mimi si mtu wa kupekua vitu vya mke.

Fundi akafunua kifuniko. Moshi mwembamba wa baridi ukatoka.

Akatia mkono, akatoa chupa. Akatoa pakiti ya maziwa. Akatoa ndizi mbili. Akaishika ile chupa juani, ikawa inatiririka maji ya ubaridi.

"Salim," akasema kwa upole, kama anayempa mtu habari za msiba, "loki yako iko na ukwaju."

Nyamazeni kidogo mfikirie ule umati.

Aliyeniokoa, kwa muda wa pumzi moja tu, ni Zuhura. Alisogea mbele akishangaa kwa kweli. "Si friji hiyo?" akasema. "Baba Swabra huniwashia. Mimi barabara mbaya hunichefua. Kila tukifika penye mashimo ananibonyezea, ukwaju wangu upoe." Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa na upendo ambao sikustahili. "Au sivyo?"

Mimi nikaurukia huo mlango. "Ndivyo," nikasema. "Nilikuwa nikikuwashia wewe."

"Na loki je?" Mama Atieno akauliza.

Hapakuwa na pa kujificha. Nilimtazama Zuhura, nikaona anaanza kuelewa, kidogo kidogo, kuanzia nyusi. Mwaka mzima amekuwa akiwaambia kina mama wa msikitini jinsi mumewe anavyomjali barabarani. Mwaka mzima amenipa glasi za ukwaju wa baridi njiani, na mimi nikidhani ameutoa kwenye friji ya nyumbani, nikisifu chupa.

"Nilidhani ndiyo loki," nikasema.

Basi wakacheka. Mama mmoja aliyekuwa na kapu la samaki kichwani alilishusha kwanza chini, akalipanga vizuri, ndipo akacheka. Nikashuka, na yule asiyeshuka garini akazama mpaka magotini na kanzu yake nyeupe. Kiatu kimoja hakijapatikana hadi naandika.

Mzee mmoja jirani na pale alikuwa akilima na ng'ombe wake wawili. Aliwafungua kwenye jembe, akawaleta, akafunga mnyororo nyuma ya gari. Hakuuliza lolote. Ng'ombe wakainama, wakavuta. Mmoja akateleza, goti likagusa tope, lakini mwenzake hakusimama, nira ikamnyanyua na yule wa kwanza, na gari likatoka kama jino.

"Mama Atieno, umeona hapo?" Fundi Odhiambo akasema. Ndiyo hotuba yake ndefu ya siku nzima. "Hiyo nira ndiyo loki. Bila nira, huyu anateleza, huyu mwingine anasimama tu kungojea. Wakifungwa pamoja, mmoja akiteleza mwingine anavuta."

Mama Atieno akawatazama ng'ombe, akatazama gari, akanitazama mimi kuanzia kanzu kwenda chini. Kisha akaniuliza maswali, moja baada ya jingine, kama hakimu.

"Bwana Salim. Hapa Kosele unakuja kila soko?"

"Kila soko, Mama."

"Hata mvua?"

"Hata mvua."

"Umekwama mara ngapi kabla ya leo?"

"Sijakwama."

"Na loki hukuwa nayo."

"Sikuwa nayo."

Akageukia fundi. "Nifungie matairi."

Fundi Odhiambo hakubisha, ingawa ekseli ile ameihangaikia. "Ni sawa," akasema. "Njia yako ni ile ya katikati, na ukiwa na meno mazuri kwa matairi itakutosha. Huyu kilichomsaidia mwaka mzima si kitufe. Alikuwa anasimama. Anaangalia. Anaingia polepole. Leo hakusimama." Halafu akaongeza, akiifuta mikono, "Na siku mbaya kabisa, ng'ombe wako hapa."

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ulikuwa wa uongo, lakini ushahidi wangu ulikuwa wa kweli. Mama Atieno alinishukuru kwa dhati, akaninunulia chai na mandazi pale sokoni, akaniambia nimemwokolea msimu wake. Alikuwa na furaha hasa. Aliposhika kikombe, alikuwa akizuia kicheko kwa heshima. Kabla ya kuondoka aliuliza jambo moja tu: kama gari lake nalo lina kisanduku cha ukwaju. Fundi akamwambia lina. Akaridhika mno.

Tulirudi. Tukamshusha fundi Homa Bay. Zuhura alikuwa akitazama dirishani, na mimi nikiendesha bila kiatu cha kulia, nikitunga maneno ya kuomba radhi. Tulipokaribia Rongo nikaona mabega yake yanatikisika. Nikasema, analia, nimekwisha. Nikaegesha gari kando.

Hakuwa analia. Alicheka mpaka akashika kishikio cha mlango. Kila akinitazama anaanza upya. "Bismillahi," alisema mwishoni, akifuta machozi na ncha ya buibui, "bismillahi ya friji." Nami nikaanza. Tukakaa pale kando ya barabara, watu wazima wawili, tukicheka mpaka mwenye baiskeli akasimama kuuliza kama tunahitaji msaada.

Baadaye akakiangalia kile kisanduku. "Lakini nilifurahi sana mwaka mzima," akasema.

Nikamwambia kweli, kwamba kama ningejua ni friji, ningeiwasha kwa ajili yake. Akaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza kitufe mbele ya macho yake, barabara ikiwa kavu kabisa. Akanimiminia glasi.

Tulipoingia Migori jua lilikuwa bado juu. Habari sijui ilipanda gari gani, lakini ilifika kabla yetu. Jirani yangu wa duka la nafaka alikuwa amesimama mlangoni na soda ya moto mkononi, akaniomba nimwekee kwenye difu dakika kumi. Kinyozi akauliza kama ekseli ya mbele nayo ina barafu. Fundi wa redio alitaka tu kuniona nilivyo.

Basi nyinyi huko, kucheka chekeni, siwakatazi. Ila chekeni hukohuko Mombasa. Migori nafasi imejaa.