Zahoro na Mashine ya Kushtua Moyo

Zahoro alimpeleka mama mkwe wake kupima presha, akarudi na wazo. Kwenye hospitali ile ndogo ya uchochoroni Kariakoo alimsikia muuguzi akilalamika kwamba fundi wa mashine ya kushtua moyo haonekani. Mtu mwingine angewahurumia wagonjwa. Zahoro aliihurumia mashine: chombo cha thamani namna ile, kikose mtu wa kukitembeza mjini!

Kesho yake alirudi na ovaroli ya bluu, kipima umeme, na pikipiki ya shemeji yake Nurdin, mtu asiye na utani linapokuja suala la pikipiki.

"Shikamoo, Metroni."

"Marahaba, fundi. Karibu, tumekungoja mpaka basi," alisema Metroni Benedikta, akaiweka mashine mezani.

Zahoro akainua vile vishikio viwili vinavyowekwa kifuani kwa mgonjwa. "Sasa mama, nishikie hivi, kimoja mkono huu, kingine huu. Nijaze chaji, tuone kama umeme unafika."

Metroni alimtazama juu ya miwani. Wakati wa kujaribu, vishikio vile hurudishwa mahali pake kwenye mashine, watu wakakaa mbali, ndipo kitufe kibonyezwe. Fundi huyu alitaka kumpeleka ahera saa za kazi.

"Mikono yangu ina mafuta, baba," akajibu kwa upole. "Halafu hii si mbovu sana. Ngoja nikuletee inayotusumbua."

Akaondoka na mashine ile, akaleta nyingine.

Zahoro akaigongagonga, akatikisa kichwa kama aliyefiwa. "Hii ya karakana, mama. Naipeleka Ilala, jioni inarudi kama mpya."

"Hamna neno. Ila hapa Kariakoo, mwanangu. Kitu hakitoki bila dhamana."

Zahoro nusura acheke. Akatoa ufunguo wa pikipiki palepale. Mashine ikiuzwa, Nurdin atanunuliwa pikipiki hata mbili.

Huko Ilala, mnunuzi wake Beno alifungua skrubu, akachungulia, akachungulia tena.

"Kaka, utumbo wake uko wapi? Hili boksi la kufundishia wanafunzi."

Simu ikaita. Alikuwa Nurdin: "Shemeji, saa kumi naitaka pikipiki yangu."

Zahoro alirudi Kariakoo mbio, boksi kwapani, jasho likimtiririka.

"Metroni, naomba ufunguo."

"Ulisema itarudi kama mpya. Iwashe tuone."

Zahoro aliona aibu, na kwake hilo lilikuwa jambo geni.

"Basi," akasema Metroni. "Wanafunzi wangu wana somo sasa hivi, na hawana kifua cha kujifunzia. Vua ovaroli, ulale. Somo likiisha utapata ufunguo wako."

Akalala bila wasiwasi. Boksi tupu litamfanya nini? Mwanafunzi wa kwanza, Ritha, akabandika viraka viwili vya gundi, vile vya kupitishia umeme, kwenye kifua cha Zahoro chenye nywele tele alizojivunia tangu ujana, akapaza sauti, "Kaeni mbali!" akabonyeza. Boksi halikutoa hata mlio. Zahoro akatabasamu.

Ritha akabandua kiraka.

"Uwiii!" Zahoro aliruka kitandani, na wauza vitenge nje wakageuka.

Metroni akawageukia wanafunzi wake kwa furaha. "Jamani, kumbe fundi ameitengeneza kweli! Haya, anayefuata."