Majina Arobaini na Moja Ndani ya Gitaa

Jumatatu, 8 Julai
Mimi ni prezida wa bendi ya rock hapa Masisi. Ijumaa redio inatoa "Ukungu", wimbo wa kwanza wa albamu yetu. Jeannette, mwimbaji na mpiga gitaa, amenionya: nikiuharibu, watamchagua Mbonigaba. Mbonigaba! Muuza dawa asiyejua gitaa lina nyuzi ngapi. (Mimi pia sijahesabu.)

Jumanne, 9 Julai
Nieleze jambo. Kwetu, wimbo usiotaja mtu hauna ndugu. Ndiyo maana wanamuziki hutupa libanga: hutaja jina la mtu katikati ya wimbo, naye huupenda kama mtoto wake. Jeannette amekataa. Ati rock haina libanga. Vijana! Nimefundisha miaka thelathini na minane, najua kusubiri. Nimesubiri mpaka alipoenda kuteka maji. Kisha nimemwahidi Mama Adelaïde, muuza petroli, ili jenereta ya redio isizimike. Libanga moja. Moja tu.

Jumatano, 10 Julai
Adelaïde amesema sokoni. Wamekuja watu arobaini. Kumkataa mmoja ni dhuluma. Mbonigaba naye alikuwemo, akidai atangulie. Nimemweka wa mwisho. Lo, raha!

Alhamisi, 11 Julai
Thierry, anayeturekodi, ameuliza majina yote hayo yaingie wapi. Nimemjibu: pale gitaa linapolia peke yake dakika mbili, bila neno hata moja. Shamba lisilolimwa! Nimesoma kwa sauti ya darasani: jina, kijiji, jina, kijiji.

Ijumaa, 12 Julai
Wimbo umetoka. Jeannette beti mbili, kisha mimi. Nilisahau kwamba wazazi wote wameshika redio wakingoja palmarès, majina ya waliofaulu mtihani wa Serikali. Kijiji kizima cha Kingi vigelegele! Mama Adelaïde, miaka hamsini na sita, amemwagiwa poda kichwani, kama tufanyavyo kwa mhitimu. Amekubali! Mbonigaba amebebwa mabegani. Wasiotajwa wamekuja kwangu kukata rufaa.
Jeannette amelia. "Papa prezida, hii njo wimbo ao njo palmarès? Miaka mbili tunatengeneza, hakuna hata muntu moya alisikia gitaa!"

Jumamosi, 13 Julai
Nimeondolewa. Kura zote, na yangu pia: niliinua mkono ili nieleze. Prezida ni Mbonigaba.
Nimelichunguza kosa kwa utulivu. Ni gitaa. Lilifunika majina. Nimepanda pikipiki hadi Shasha, ambako kwaya ya akina mama inaandaa wimbo. Nimewapa orodha ya watu sitini. Nimewaomba jambo moja tu: wasiimbe sana.