Viti vya Mwalimu Wambeti

Mugendi alikuwa na jicho la kumtambua mtu anayejikuna kwa siri. Asubuhi hiyo, katika soko la Embu, alimwona mama mmoja mwenye heshima zake akisugua kisigino kwa ncha ya kiatu cha pili, huku uso ukijifanya unakagua ndizi. Moyo wa Mugendi ukaruka kwa furaha. Huyu alikuwa na mbwa, pengine na paka, na bila shaka alikuwa na viti.

Viti ndivyo alivyovitaka. Jumamosi watu wa Kawira wangetoka Ishiara kuja kuona nyumba ya kijana anayemtaka binti yao, kama desturi inavyodai, na chumba chake cha kupanga mtaani Majimbo kilikuwa na stuli mbili na kalenda. Alimpenda Kawira, hilo tusimnyime. Mji mzima aliudanganya sana. Alimdanganya Kawira kidogo tu.

"Pole, Mwalimu," akasema, maana Embu kila mama wa umri ule mwenye miwani ni mwalimu. "Hao ni viroboto. Mimi ndiye daktari wao."

"Kumbe Mungu amenisikia," akajibu Mwalimu Wambeti, mstaafu, mwenye mbwa mmoja na paka wanaolala popote wapendapo.

Nyumbani kwake, Mugendi alipiga magoti sebuleni, akainua kona ya sofa, akanusa, akatikisa kichwa kwa majonzi. Akamwaga poda yake kila pembe. Ilikuwa majivu na unga wa mahindi, na paka mmoja akaanza kuilamba.

"Wanyama watapona," akatangaza. "Lakini viti hivi vimeisha. Mayai yameingia ndani ya sponji. Ni vya kuchomwa, Mwalimu, na havichomwi ovyo ovyo. Nina mahali pangu."

"Na zulia?"

"Na zulia, kwa uchungu."

"Basi beba na godoro la mbwa."

Godoro la mbwa halikuwa katika mpango, lakini daktari hachagui wagonjwa. Mwalimu mwenyewe alimwita jirani asaidie kupakia mkokoteni, akawapa chai, akauliza kama kweli vitachomwa. Mugendi akaapa kwa jina la mama yake.

Sasa, kwa miaka mingi Mugendi alikuwa akiwaambia wateja kwamba kiroboto akikosa mbwa hufa kwa njaa upesi sana. Uongo huo aliutunga mwenyewe, ila alikuwa ameurudia mno hata akauamini. Akapanga viti, akatandika zulia, akafunga mlango, akaenda kulala kwa rafiki yake Ireri ili viroboto wafe kwa utulivu.

Hawakufa. Walikuwa wanangoja mtu aingie.

Jumamosi wakafika: mzee Njuki, mjomba wa Kawira na msemaji wa ukoo, akiwa ndani ya suti, shangazi wawili, na Kawira nyuma yao. Wakavisifu viti, wakaketi. Siku kama hiyo mgeni naye hupimwa adabu, na hakuna ukoo unaotaka isemwe kwamba watu wake walijikuna ugenini. Shangazi mmoja aliitikia amina kabla sala haijafika katikati. Mzee Njuki alisimulia habari za ukoo mguu mmoja ukisugua mwingine. Mukimo wa viazi na mahindi ukaletwa, ukapoa, kwa kuwa mikono yote ilikuwa na shughuli nyuma ya magoti.

Mwishowe mzee akaweka sahani chini. "Kijana, hivi viti ulinunua wapi?"

"Dukani, mzee. Ni vipya."

"Basi huyo wa duka amekukosea, na sisi ni watu wako. Mpigie. Weka spika, nitaongea na yeye mimi mwenyewe."

Mugendi akaona dunia imekuwa nyembamba. Akampigia Mwalimu Wambeti, akiomba kimoyomoyo mama huyo awe mwepesi wa kuelewa. Alikuwa mwepesi.

"Mama, ni mimi, yule wa viti. Viti viko na viroboto."

"Viti gani, daktari? Vyangu si ulichoma?"

Mzee Njuki akainamia simu.

"Vya jirani yangu mwingine pia ulisema utachoma," sauti ikaendelea kwa upole, "nikaviona vikiuzwa barabarani. Nimezunguka hiyo soko nikijikuna mpaka ukaniona. Kutupa sofa siku hizi ni kazi. Asante sana, mwanangu."

Shangazi wakasimama, wakajikuna kwa uhuru. "Hii nyumba hatujaiona," mzee Njuki akasema, yaani ziara imefutwa. Kawira hakucheka, na hilo lilimuuma Mugendi kuliko viroboto wote.

"Nimewaambia watu wetu wewe ni daktari wa wadudu," akamwambia mlangoni. "Nimejisifu na wewe."

"Nisamehe, Kawira. Tafadhali."

"Usiniombe mimi. Omba anko."

Akaomba. Mzee Njuki akamtazama, akajikuna, akafikiri.

Wiki iliyofuata, watu wa Ishiara walimwona kijana wa mjini uani kwa mzee Njuki, suruali imekunjwa, akiogesha kundi la mbwa kwa dawa ya kweli kutoka duka la dawa za mifugo. Matandiko yao aliyachemsha, vumbi akalifagia, na alijua atarudia kazi hiyo mayai yakianguliwa. Mgongo ulimuuma sana. Kawira alileta ndoo ya maji, akaitua, na hakuondoka mara moja.

"Nimemaliza, mzee," Mugendi akasema, macho yakiwa kwa Kawira. "Sasa tunaweza kuongea ile maneno yetu?"

"Tutaongea," mzee Njuki akajibu kutoka kivulini, mbali na mbwa. "Mbuzi wetu umewaona wanavyojikuna?"